Chupa Ipi Itundikwe? Maji ya Mshipani kwa Mgonjwa Mahututi wa Kisukari

Kutoka Soko la Kariakoo hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga, ni mwendo wa kilomita chache tu. Hata hivyo, mgonjwa wa kisukari aliyepatwa na ketoasidosisi aweza kuchukua siku mbili au tatu kuumaliza mwendo huo. Siku ya kwanza hukojoa mno na kushikwa na kiu isiyokatika. Hununua maji baridi au soda mtaani na kuendelea na biashara yake. Siku ya pili hutapika, tumbo humuuma, na katika duka la dawa huambiwa kuwa ni malaria, taifodi au UTI. Siku ya tatu hupumua kwa kina na kwa haraka kama aliyetoka kupandisha mzigo ghorofani, maneno yake hupotea, na pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Anapofikishwa hospitalini, jambo la kwanza ambalo ndugu zake huliona likitendeka ni chupa ya maji kutundikwa juu ya kitanda.

Maji gani yamo katika chupa hiyo, yaingie kwa kiasi gani na kwa kasi gani? Maswali hayo yamejadiliwa na madaktari wa wagonjwa mahututi kwa miaka mingi, na katika miaka ya karibuni majibu yake yamebadilika. Mabadiliko hayo hayamhusu daktari na muuguzi peke yao. Yanamhusu pia mgonjwa pamoja na jamaa zake, kwa sababu baadhi ya makosa makubwa ya maji ya mshipani hutendeka kabla mgonjwa hajafika katika hospitali kubwa.

Kisukari si ugonjwa wa wachache nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa asilimia 9.1 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa nacho. Wala ketoasidosisi si ngeni Dar es Salaam. Watafiti wa Muhimbili, akiwamo Profesa Donald McLarty, waliwafuatilia wagonjwa 1,250 waliogunduliwa kuwa na kisukari kati ya mwaka 1981 na 1987. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yaliitaja ketoasidosisi miongoni mwa sababu kuu za vifo vyao. Ugonjwa huu unatibika, na dawa zake tatu, yaani maji, insulini na potasiamu, zimejulikana kwa muda mrefu. Kinachoua ni kuchelewa, au kuzitumia dawa hizo kwa mpangilio usiofaa.

Mwili uliokauka

Insulini ni ufunguo unaoiruhusu sukari kutoka katika damu na kuingia katika chembe za mwili. Inapokosekana, sukari hurundikana katika damu ilhali chembe zenyewe zina njaa. Mwili huanza kuyeyusha mafuta ili kujipatia nguvu, na kutokana na mafuta hayo ini hutengeneza ketoni, ambazo ni asidi. Sukari iliyozidi hupita kwenye figo na kuvuta maji mengi pamoja na chumvi. Matapishi huongeza hasara hiyo.

Kwa mtu mzima, maji yanayopotea hukadiriwa kuwa mililita 100 kwa kila kilo ya uzito. Mtu mwenye kilo 60 anaweza kufika hospitalini akiwa amepungukiwa na lita 6. Pamoja nayo hupoteza sodiamu, kloraidi, na potasiamu kati ya milimoli 3 na 5 kwa kila kilo. Kwa hiyo maji huanza kutangulia insulini. Hurudisha mzunguko wa damu, huzisaidia figo kutoa sukari na ketoni, na huanza kuishusha sukari hata kabla dawa nyingine haijaingia.

Chupa mbili na historia yake

Katika wodi nyingi za Tanzania uchaguzi huwa kati ya chupa mbili. Ya kwanza ni maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ambayo watumishi huyaita NS. Kiwango hicho kilitokana na majaribio ya Mholanzi Hartog Jakob Hamburger mwishoni mwa karne ya 19, aliyechunguza namna chembe nyekundu za damu zinavyovimba au kusinyaa katika maji yenye chumvi ya viwango tofauti. Ya pili ni Ringer laktati, ambayo wengi huiita RL. Hiyo ilianzia kwa Sydney Ringer wa London, aliyetafuta katika miaka ya 1880 mchanganyiko wa madini ambao ungeuwezesha moyo wa chura kuendelea kudunda nje ya mwili. Katika miaka ya 1930 Alexis Hartmann, daktari wa watoto nchini Marekani, aliongeza laktati ili kupambana na asidi katika damu ya watoto wagonjwa.

Tofauti ya chupa hizi imo katika kloraidi. Lita moja ya maji ya chumvi ina milimoli 154 za sodiamu na milimoli 154 za kloraidi, ilhali katika damu ya mtu mwenye afya kloraidi ni takriban milimoli 100 tu kwa lita. Ringer laktati ina sodiamu takriban milimoli 130, kloraidi takriban 109, potasiamu 4, kalisi kidogo, na laktati takriban 28. Ini huibadilisha laktati hiyo kuwa bikaboneti, ambayo hupunguza asidi. Maji ya aina hii huitwa maji yaliyosawazishwa, kwa kuwa muundo wake unakaribia ule wa damu.

Asidi ya pili

Lita moja au mbili za maji ya chumvi haziwi tatizo kwa watu wengi. Tatizo huanza pale mgonjwa anapopokea lita tano au sita za maji hayo peke yake. Kloraidi huongezeka katika damu, bikaboneti hushuka, na asidi mpya hujitokeza wakati ile ya ketoni inapoondoka. Daktari wa zamu huona bikaboneti ingali chini, naye huamini kuwa ketoasidosisi haijapona. Insulini ya mshipani huendelea kwa saa nyingi zisizohitajika, na kitanda cha chumba cha wagonjwa mahututi hubaki kimeshikwa ilhali mwingine anakisubiri mapokezi.

Hesabu fupi huweza kuutoa utata huo. Inaitwa pengo la anioni: sodiamu, ukitoa jumla ya kloraidi na bikaboneti. Kwa kawaida pengo hilo huwa kati ya 8 na 12. Chukua mfano wa mgonjwa aliyeingia akiwa na sodiamu 132, kloraidi 96 na bikaboneti 8. Pengo lake ni 28, dalili ya ketoni nyingi. Kesho yake sodiamu ni 138, kloraidi 114 na bikaboneti 15. Anayetazama bikaboneti peke yake atasema mgonjwa angali na ketoasidosisi. Anayepiga hesabu ataona pengo ni 9. Ketoni zimekwisha, na asidi iliyobaki ni ya kloraidi iliyotoka katika chupa. Figo zenye afya zitaiondoa polepole.

Vipande vya kupima ketoni katika mkojo navyo vyaweza kupotosha. Havioni aina ya ketoni iliyo nyingi zaidi mwanzoni mwa ugonjwa, bali ile ambayo hiyo hugeuka kuwa mgonjwa anapopata nafuu. Kwa hiyo kipande chaweza kuonyesha hali mbaya zaidi wakati mgonjwa anapona. Palipo na kifaa cha kupima ketoni za damu, hicho ndicho cha kutegemewa. Pasipo nacho, pengo la anioni hutosha kumwongoza mtumishi.

Ushahidi unasemaje?

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika jiji la Nashville, Marekani, kwa wagonjwa mahututi 15,802. Waliopewa maji yaliyosawazishwa walipata kifo au madhara makubwa ya figo kwa asilimia 14.3, na waliopewa maji ya chumvi kwa asilimia 15.4. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ipo. Watafiti walipowachambua watu wazima 172 waliokuwa na ketoasidosisi katika utafiti huo na mwingine uliofanyika sambamba nao, waliona kuwa ketoasidosisi ilipona kwa wastani wa saa 13 kwa maji yaliyosawazishwa na karibu saa 17 kwa maji ya chumvi.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Huko Pretoria, Afrika Kusini, wagonjwa 54 wa ketoasidosisi walilinganishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Asidi ya damu ilirekebika kwa takriban dakika 540 kwa Ringer laktati na 683 kwa maji ya chumvi, lakini idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo mno kuthibitisha kuwa tofauti hiyo haikuwa ya bahati. Sukari, kwa upande wake, ilichelewa kushuka kwa waliopewa Ringer laktati: dakika 410 dhidi ya 300. Tafiti nyingine mbili kubwa za wagonjwa mahututi wa magonjwa mbalimbali, moja ya Brazil na nyingine ya Australia na New Zealand, hazikuonyesha tofauti ya vifo kati ya maji ya aina hizi mbili.

Mwaka 2024 vyama vya kitaalamu vya kisukari vya Marekani na Ulaya vilitoa mwongozo wa pamoja unaokubali chupa zote mbili mwanzoni mwa matibabu. Kwa muuguzi wa zamu ya usiku hilo lina maana iliyo wazi: chupa iliyopo karibu ndiyo ya kuanza nayo. Mgonjwa asisubirishwe hata dakika kumi kwa sababu Ringer laktati imekwisha stoo. Lakini ikiwa zote zipo, na mgonjwa anatarajiwa kupokea lita nyingi, ni busara kuhamia Ringer laktati baada ya lita ya kwanza au ya pili.

Hofu mbili huwazuia baadhi ya watumishi kuitumia. Wengine husema laktati itaongeza asidi. Lakini iliyomo katika chupa ni chumvi ya laktati, nayo huliwa na ini na kuacha bikaboneti. Wengine huogopa potasiamu yake; lakini maji yenye milimoli 4 kwa lita hayawezi peke yake kuipandisha damu juu ya kiwango hicho, ilhali asidi ya kloraidi huitoa potasiamu ndani ya chembe na kuileta katika damu. Tahadhari za kweli ni nyingine. Ringer laktati isichanganywe na seftriaksoni katika mrija mmoja, wala isipitishwe pamoja na damu ya kuongezewa, kwa sababu ya kalisi iliyomo. Mwenye jeraha la ubongo au ini lililoharibika sana huhitaji uamuzi wa daktari bingwa.

Potasiamu kabla ya insulini

Kosa la chupa laweza kumchelewesha mgonjwa saa chache. Kosa la potasiamu laweza kuusimamisha moyo wake. Mgonjwa wa ketoasidosisi aweza kuwa na kipimo cha potasiamu cha kawaida, au hata cha juu, ilhali akiba ya mwili wake imekwisha. Insulini inapoingia, potasiamu hukimbilia ndani ya chembe na ile ya damu hushuka ghafla.

Ndiyo maana mwongozo wa 2024 unasisitiza kuwa potasiamu ikiwa chini ya milimoli 3.5, insulini isubiri hadi irekebishwe. Ikiwa kati ya 3.5 na 5.0, mgonjwa anayekojoa huongezewa milimoli 10 hadi 20 katika kila lita ya maji. Ikizidi 5.0, huanzishiwa insulini bila nyongeza, na kipimo hurudiwa kila baada ya saa mbili. Milimoli 4 za Ringer laktati hazitoshi kuziba pengo hilo; nyongeza bado inahitajika. Ampuli ya potasiamu ya mililita 10 yenye nguvu ya asilimia 15 ina milimoli 20. Kamwe isisukumwe moja kwa moja mshipani: hutiwa katika chupa, nayo chupa hupinduliwa mara kadhaa ili dawa isitulie chini. Majibu ya maabara yanapochelewa, kipimo cha umeme wa moyo huweza kutoa ishara ya mapema.

Kasi nayo ni kipimo cha dawa

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo wala wa figo, mwongozo hupendekeza nusu lita hadi lita 1 kwa saa katika saa 2 hadi 4 za mwanzo, kisha kasi ipunguzwe kulingana na hali yake, ili upungufu uzibwe ndani ya saa 24 hadi 48. Pasipo na pampu, muuguzi huhesabu matone. Kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, lita 1 kwa saa 4 ni matone takriban 83 kwa dakika. Mzee, mjamzito, na mwenye moyo au figo dhaifu hupewa kidogo kidogo, huku mapafu yakisikilizwa kila mara.

Afrika Mashariki ilijifunza mapema kuwa maji si kitu cha kumimina ovyo. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na katika hospitali ya Muheza mkoani Tanga, ulichapishwa mwaka 2011 baada ya kuwahusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi kuliko ambao hawakupewa: takriban asilimia 10.5 dhidi ya 7.3 katika saa 48. Watoto hao hawakuwa wagonjwa wa ketoasidosisi, na matokeo hayo hayaondoi haja ya maji kwa mtoto wa kisukari aliyekauka. Yanafundisha tu kuwa chupa ya maji ni dawa, yenye kipimo na madhara yake. Kwa mtoto wa ketoasidosisi, mililita 10 hadi 20 kwa kilo hutolewa kwanza, na kiasi kilichobaki huenezwa katika saa 24 hadi 48. Akianza kuumwa kichwa, kusinzia au kubadilika tabia, daktari aitwe papo hapo, kwani ubongo waweza kuwa unavimba.

Maji ya sukari: lini ni sumu, lini ni dawa

Katika mitaa ya katikati ya jiji, wapo watu wanaokwenda zahanati kuomba dripu ya kuongeza nguvu. Aghalabu hiyo ni chupa ya glukosi. Kwa mtu aliyechoka huenda isimdhuru. Kwa mwenye ketoasidosisi ambayo haijagunduliwa, ni kumwongezea kile kinachomwangamiza. Kinga yake ni tone moja la damu kidoleni. Kila anayetapika, anayepumua kwa kina, au aliyechanganyikiwa apimwe sukari kabla ya chupa yoyote ya glukosi kutundikwa, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha vimelea. Malaria na kisukari vyaweza kumkuta mtu mmoja, na maambukizi ni moja ya sababu kubwa za kuamsha ketoasidosisi.

Hospitalini jambo hugeuka. Sukari inaposhuka hadi karibu milimoli 13.9 kwa lita, yaani miligramu 250 kwa desilita, maji ya glukosi ya asilimia 5 au 10 huongezwa, na insulini huendelea. Ndugu wanaoona hilo hushtuka. “Dada, mbona mgonjwa wetu wa sukari anawekewa maji ya sukari?” Muuguzi anayelijua jambo hujibu kwa upole: “Mama, sukari imeshuka lakini sumu ya ketoni bado imo. Insulini ndiyo inayoiondoa, na maji haya yanamlinda asishuke kupita kiasi huku insulini ikiendelea kufanya kazi.” Kuisimamisha insulini kwa kuwa tu sukari imekuwa nzuri ni kosa la kawaida, na ketoni hurudi ndani ya saa chache. Hata mgonjwa anapopona na kuanza kula, sindano ya insulini ya muda mrefu hutangulia saa moja au mbili kabla ya ile ya mshipani kuondolewa.

Kinachowahusu wagonjwa

Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo au mpagazi wa Msimbazi hula anapopata nafasi na hushinda juani. Maisha hayo huifanya insulini iwe mzigo, lakini haiachwi. Mgonjwa asiyeweza kula kwa sababu ya homa bado anaihitaji. Kipimo chaweza kubadilishwa kwa ushauri, lakini anayeitegemea asiikatishe kabisa. Pasipo na jokofu, mtungi wa udongo wenye unyevu uliowekwa kivulini huihifadhi vizuri kuliko mfuko wa suruali. Anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Dalili za kukimbilia hospitali ni chache: kutapika kusikokoma, kiu kali, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kina, usingizi usio wa kawaida. Kwa mkazi wa Kariakoo, Hospitali ya Mnazi Mmoja na ile ya Amana ziko karibu. Wenye hali mbaya zaidi hupelekwa Muhimbili, ambako idara kamili ya magonjwa ya dharura imekuwapo tangu mwaka 2010. Ndugu wanaomsindikiza waeleze mambo matatu: ni lini alidunga insulini mara ya mwisho, ni dawa gani amepewa kabla ya kufika, na kama alitundikiwa chupa yoyote njiani. Jibu la swali hilo la tatu humwezesha daktari kujua ni maji gani yaliyomo tayari mwilini, na aanzie wapi.